Kazi ya samaki: Mlaji amekingwa, je, mfanyakazi?

Ukipita sokoni Chwele siku ya soko, au ukizunguka Kitale mjini, utakuta samaki wa kila namna. Kuna omena wa kupimwa kwa gorogoro, kuna ngege waliokaangwa, kuna mbuta waliokaushwa kwa moshi, na kuna ile mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, ambayo wengi huijua kwa jina la mgongo wazi. Mnunuzi huuliza mambo mawili: bei yake ni ngapi, na je, huyu samaki ni wa leo au wa juzi? Ni nadra kusikia mtu akiuliza juu ya yule aliyempasua, aliyemparua magamba, aliyemkausha au aliyemkaanga.

Msomaji, huenda ukasema kwamba hayo ni ya watu wa ziwani, wala hayatuhusu sisi wa Kibabii ambao ziwa tunalisikia tu. Sivyo. Vijana wetu wa Bungoma na Trans Nzoia huteremka Kisumu na Homa Bay kutafuta vibarua, na baadhi yao huishia katika viwanda vya samaki. Kina mama wengi hapa petu husomesha watoto kwa karai la mafuta na samaki wa kukaanga. Tangu serikali ilipofadhili uchimbaji wa vidimbwi kote nchini mnamo 2009, chini ya mpango wa kufufua uchumi, wakulima wetu nao wamejifunza kuvua na kupasua ngege na kambare nyumbani. Na samaki wakavu wa Ziwa Turkana hupitia Lodwar na kuteremkia Kitale wakielekea masoko ya mbali. Kazi ya samaki iko mlangoni mwetu.

Leo nataka tuzungumzie afya ya wanaoifanya. Baadhi ya maradhi yanayotokana na kazi hii hutibiwa miaka na mikaka kama kwamba ni mafua, nimonia au uchovu, kwa sababu tu mgonjwa hakueleza kazi yake na mhudumu hakuuliza.

Kazi ya wengi, na hasa wanawake

Duniani kote samaki ni ajira kubwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba watu wapatao milioni 61.8 walikuwa wakifanya kazi ya kuvua au kufuga samaki mwaka wa 2022. Katika hesabu hiyo wanawake walikuwa asilimia 24 tu. Lakini ukija kwenye kazi zinazofuata baada ya samaki kutoka majini, yaani kusafisha, kukata, kukausha, kufungasha na kuuza, wanawake walifika asilimia 62. Kwa maneno mengine, mwanamume hushika wavu na mwanamke hushika kisu.

Hapa Afrika Mashariki ajira hiyo ilipanuka kwa ajili ya samaki mmoja. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima, na viwanda vya kukata minofu vikaanza kujengwa Kisumu, Mwanza, Musoma, Jinja na Entebbe. Minofu ikasafirishwa Ulaya na kwingineko. Kichwa na mifupa vikabaki kwetu, na katika mitaa kama Obunga mjini Kisumu, wanawake wakajipatia riziki kwa kuikaanga na kuiuza mifupa hiyo.

Baadaye mbuta walipungua ziwani, na viwanda kadhaa vya upande wa Kenya vikafungwa au vikapunguza kazi. Hata hivyo waliosalia kazini wangali wengi, na wengi wao ni vibarua wanaolipwa kwa siku au kwa kilo. Jambo hili lina uzito katika afya, maana anayelipwa kwa kilo hapumziki mkono ukiuma, na anayelipwa kwa siku haendi hospitali siku ya kazi.

Samaki hulindwa kuliko mtu

Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliwekea samaki wa Ziwa Victoria vikwazo mara tatu. Mara ya kwanza sababu ilikuwa vijidudu vya salmonela vilivyopatikana katika minofu. Mara ya pili ilikuwa hofu ya kipindupindu kilichozuka Afrika Mashariki. Mara ya tatu, mwaka wa 1999, ilikuwa habari kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu kuvulia. Kila mara viwanda vilipunguza kazi au vilifunga milango, na maelfu ya watu wa kando ya ziwa wakakosa mapato.

Vikwazo hivyo viliwafunza wenye viwanda usafi. Maabara zikajengwa, kuta zikawekwa vigae, maji yakatiwa klorini, na kila mfanyakazi akatakiwa kuvaa koti jeupe, kofia na gambuti. Samaki akawa lazima ahifadhiwe katika ubaridi ulio karibu na ule wa barafu inayoyeyuka tangu anapoingia hadi anapotoka. Haya yote ni mema, na mlaji wa Ulaya na wa Bungoma amefaidika.

Lakini tazama vizuri, msomaji. Barafu inayomlinda samaki ndiyo inayokausha damu katika vidole vya anayemkata. Klorini inayoua vijidudu ndiyo inayochubua ngozi na kuwasha macho. Mpira wa maji wa nguvu unaosafisha sakafu ndio unaorusha hewani chembe za samaki ambazo mfanyakazi huzivuta puani. Hata kile cheti cha afya ambacho sheria yetu inamtaka kila anayeshika chakula akipate na kukifanya upya kila baada ya miezi sita, shabaha yake ni kujua iwapo mfanyakazi ana homa ya matumbo au minyoo ambayo angemwambukiza mlaji. Choo chake hupimwa. Mapafu yake hayapimwi, mikono yake haitazamwi. Tunauliza kama mtu huyu atamdhuru samaki, wala hatuulizi kama samaki anamdhuru mtu huyu.

Pumu inayopumzika siku ya mapumziko

Ugonjwa unaostahili kujulikana zaidi katika kazi hii ni pumu. Nyama, damu, ute na maji ya samaki vina protini. Samaki anapokatwa kwa msumeno, anapochemshwa, au meza inapooshwa kwa maji ya nguvu, protini hizo hupanda hewani katika matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Mtu akiyavuta kila siku, mwili wake unaweza kuyahesabu kuwa adui na kuanza kupigana nayo. Huo ndio mzio. Unaweza kuchukua wiki chache, miezi au hata miaka kujitokeza, na ndiyo sababu mtu hushangaa akisema, "Mbona nimefanya kazi hii miaka mitatu bila shida?"

Aghalabu dalili huanzia puani na machoni: kupiga chafya, makamasi mepesi, macho kuwasha na kutoa machozi. Kisha huja kikohozi, kifua kubana na pumzi kutoa sauti kama filimbi. Mara nyingi kifua hubana jioni au usiku, baada ya mtu kurudi nyumbani, hivyo yeye hulaumu vumbi la nyumbani au baridi ya usiku.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wanaochambua kaa na kamba huathirika zaidi kuliko wanaokata samaki wa kawaida. Huko Kanada, katika miaka ya 1980, wafanyakazi wengi wa viwanda vya kaa walithibitishwa kuwa na pumu ya kazini. Afrika Kusini nako, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamechunguza kwa miaka mingi wafanyakazi wa viwanda vya samaki na wakakuta pumu na mzio wa ngozi. Wanaosaga omena au mabaki ya samaki kuwa chakula cha kuku pia wamo hatarini, maana lile vumbi ni protini kavu ya samaki.

Nakumbuka mgonjwa mmoja, msichana wa miaka ishirini na minne kutoka vijiji vya hapa Kanduyi. Alikuwa ametibiwa nimonia mara tatu katika mwaka mmoja, na alikuwa amepimwa kifua kikuu bila kupatikana nacho. Nilipomuuliza kazi yake alisema kwamba alikuwa akikata samaki kiwandani. Nilipomuuliza kikohozi kilikuwaje alipokuja nyumbani kwa Krismasi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, sikukohoa hata siku moja."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko picha ya kifua. Ugonjwa unaopungua mtu akiwa likizoni na kurudi akirudi kazini unakuonyesha kwa kidole mahali ulikotoka. Kipimo chake si cha gharama kubwa. Kuna kifaa kidogo cha plastiki ambacho mtu hupuliza kwa nguvu, nacho kinaonyesha kasi ya pumzi. Akipuliza mara nne kwa siku kwa wiki kadhaa, siku za kazi na siku za mapumziko, na kuandika namba zake, daktari ataona iwapo kazi inahusika.

Tiba ya pumu ni dawa za kuvuta, lakini dawa pekee hazitoshi. Mtu akiendelea kuvuta kile kinachomdhuru, pumu inaweza kuwa ya kudumu hata akiacha kazi baadaye. Kwa hiyo kuwahi ni muhimu. Msichana yule alikuwa akiwalipia karo wadogo zake wawili, na kumwambia aache kazi kungekuwa kuwaondoa watoto shuleni. Tulichofanya ni kuandika barua kwa mwajiri kueleza ugonjwa wake, naye akahamishiwa sehemu ya kubandika lebo kwenye makasha, mbali na meza za kukatia. Kikohozi kilipungua. Si kila mwajiri atakubali, lakini barua ya daktari ni silaha ambayo wafanyakazi wengi hawaijui.

Mikono: baridi, kisu na ganzi

Mkataji wa minofu hurudia mwendo uleule wa kifundo cha mkono mara maelfu kwa siku, akiwa ameshika kisu kwa nguvu, vidole vikiwa vimelowa na baridi. Kwenye kifundo kuna njia nyembamba ambamo hupita mishipa ya kukunjia vidole pamoja na neva inayotia hisia kidole gumba, cha shahada na cha kati. Mishipa ikivimba, neva hubanwa. Dalili yake ni ganzi na maumivu ya vidole hivyo, hasa usiku, hata mtu huamka na kukung'uta mkono. Baadaye huanza kuangusha vitu, na nyama ya chini ya kidole gumba hupungua.

Wengi huambiwa ni "baridi imeingia kwenye mifupa" na hupakwa dawa ya kuchua. Tiba ya mapema ni kupumzisha mkono na kufunga kigango kinachonyoosha kifundo wakati wa kulala. Ikichelewa, huenda upasuaji ukahitajika. Mwajiri naye anaweza kusaidia sana kwa mambo mepesi: kisu chenye makali, maana kisu butu huhitaji nguvu, meza yenye kimo kinachofaa, kubadilishana kazi kila baada ya muda, na dakika chache za kupumzika mahali penye joto.

Baridi yenyewe ni hatari nyingine. Vyumba vya kuhifadhia samaki waliogandishwa huwa nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi. Vidole vinavyogeuka rangi na kupoteza hisia vinaomba kutolewa humo mara moja. Vipashe joto kwa maji ya vuguvugu, usivisugue wala usiviweke karibu na moto, kwa sababu kidole chenye ganzi hakijui kwamba kinaungua. Katika viwanda vinavyotumia gesi ya amonia kuzalisha baridi, kila mfanyakazi ajue mlango wa dharura uko wapi. Gesi hiyo ikivuja huchoma macho na mapafu. Kimbia upande upepo unakotoka, na macho yakiguswa yaoshwe kwa maji mengi mfululizo.

Baridi, msongamano na kelele vina madhara mengine pia. Mwezi wa Mei 2020, Rais wa Ghana wa wakati huo, Nana Akufo-Addo, alitangaza kwamba watu 533 katika kiwanda kimoja cha samaki mjini Tema walikuwa wameambukizwa korona, na kwamba maambukizi hayo yalitoka kwa mfanyakazi mmoja. Ukumbi uliofungwa, wenye baridi, ambamo watu husimama bega kwa bega na kupaaza sauti ili wasikizane, hueneza maradhi yoyote ya njia ya hewa, kifua kikuu kikiwemo.

Mwiba mdogo, jeraha kubwa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwiba wa ngege ni ufa. Mtu huchomwa kidoleni, hunyonya damu na kuendelea na kazi. Lakini juu ya ngozi ya samaki na katika ute wake kuna bakteria ambao wanaweza kuingia kwa tundu hilo.

Upo ugonjwa wa ngozi unaojulikana sana miongoni mwa wanaoshika samaki, ambao hujitokeza kati ya siku mbili na saba baada ya kuchomwa. Kidole huvimba, huuma kupita ukubwa wa jeraha, na hupata rangi ya zambarau. Kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani kwa urahisi, tegemea zaidi uvimbe, joto na maumivu. Hutibiwa kwa penisilini, na ukiwahi hupona vizuri.

Upo mwingine unaokwenda polepole. Wiki kadhaa baada ya kuchomwa, kivimbe kigumu hutokea, na pengine vingine hufuatana kupanda mkononi. Unasababishwa na bakteria aliye wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, ingawa hawaambukizi watu kupitia kikohozi. Dawa za kawaida za vidonda huwa haziuponyi, na tiba sahihi huchukua miezi. Mgonjwa asipotaja samaki, daktari naye anaweza kupapasa gizani muda mrefu.

Tusidhani ngege wa kufugwa ni salama kabisa. Kati ya mwisho wa 1995 na mwanzo wa 1996, katika eneo la Toronto huko Kanada, watu kadhaa walilazwa hospitali wakiwa na maambukizi makali ya mikono na damu baada ya kujikata walipokuwa wakitayarisha samaki wabichi, wengi wao wakiwa ngege wa kufugwa. Wote walipona kwa dawa, lakini somo lilibaki. Ukichomwa, toa mwiba, osha jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, lifunike, na uulize kama chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Mwenye kisukari awe mwangalifu maradufu. Ukiona uvimbe unapanda, mstari unaelekea kwapani, au homa, usingoje asubuhi.

Moshi, mafuta ya moto na dawa za wadudu

Nje ya kiwanda, kina mama wanaokausha samaki kwa moshi hushinda mbele ya kuni. Moshi huo una hewa ya ukaa yenye sumu na kemikali ambazo zimethibitishwa kuwa zinaweza kuleta saratani. Macho huwa mekundu, kikohozi huwa cha kudumu, na mapafu huzeeka kabla ya mwenyewe. Mtoto aliyefungwa mgongoni huvuta moshi uleule.

Dawa yake kubwa ni jiko bora. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Ghana ilipata jiko la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi karibu na Accra, ambalo hupanga samaki katika trei na kutumia kuni chache. Mnamo 2008 kazi ya kuliboresha ilianza huko Thiaroye nchini Senegal pamoja na FAO, na likapatikana jiko linalopunguza moshi na kemikali hizo zaidi. Hata asiye na uwezo wa kulijenga anaweza kufanya mengi: kuhamishia jiko nje au penye matundu ya hewa pande mbili, kutumia kuni kavu, kusimama upande upepo unakotoka, na kuwaweka watoto mbali.

Kwa wanaokaanga, adui ni mafuta. Weka karai juu ya jiko thabiti lisiloyumba, kausha samaki kabla ya kumtia, na uweke mpaka ambao mtoto hauvuki. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Karai likishika moto, lifunike kwa kifuniko, usimwagie maji.

Jambo la mwisho hapa ni baya na lazima nilitaje. Wapo wanaonyunyizia samaki wakavu dawa ya kuua wadudu ili kufukuza nzi na mende wa samaki. Anayenyunyiza huvuta sumu, na anayekula huimeza. Chumvi ya kutosha, ukaushaji kamili juu ya chanja na uhifadhi mahali pakavu hufanya kazi hiyo bila kuua mtu.

Ufuoni kuna hatari zake

Anayesafisha omena akiwa amesimama ndani ya maji ya ziwa anaweza kupata kichocho, maana viluwiluwi vyake hupenya ngozi. Kwa miaka mingi huumiza utumbo na ini kimyakimya. Dawa yake ya prazikwanteli hutolewa kulingana na uzito, na anayerudi majini huambukizwa tena, hivyo apimwe mara kwa mara. Gambuti husaidia, lakini kuchota maji na kuosha nchi kavu husaidia zaidi.

Ipo hatari nyingine ambayo watu huiongea kwa kunong'ona. Samaki wanapoadimika, baadhi ya wavuvi hudai mapenzi ndipo wamuuzie mwanamke samaki, mtindo unaoitwa jaboya. Umechangia kueneza virusi vya ukimwi kando ya ziwa. Usiwaone wanawake hao kuwa na tabia mbaya. Tatizo ni nani mwenye mashua. Mnamo 2011 kikundi cha wanawake wa ufuo wa Nduru, Kisumu, walipata mashua zao wenyewe na kuajiri wavuvi, ili samaki wawe wao tangu majini. Mafuriko ya 2020 yaliwapiga vibaya, lakini walikuwa wameonyesha kwamba ugonjwa mwingine dawa yake ni mtaji. Aliyekabiliwa na hatari hiyo ajue pia kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi hivyo, kabla na baada ya tukio, hutolewa katika vituo vya afya vya umma. Zile za baada ya tukio sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Sheria inasemaje?

Wafanyakazi wengi hudhani kwamba kibarua hana haki. Bunge la Kenya lilipitisha sheria kadhaa mwaka wa 2007 ambazo inafaa uzijue.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga, kama glavu na gambuti, bila kumkata mfanyakazi mshahara. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi wenyewe wana wawakilishi.

Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini inamfidia anayeumia au kupata ugonjwa kwa sababu ya kazi. Haijalishi kama mkataba uliandikwa au ulikuwa wa mdomo, wala kama hulipwa kwa siku au kwa kilo. Mjulishe mwajiri mara tu unapoumia. Yeye ana siku saba za kupeleka taarifa kwa idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Dai lenyewe sharti liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali.

Sheria ya Ajira nayo inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kawaida. Na aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara katika mwaka, mradi awe na cheti cha daktari.

Mambo ya kushika

Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako anafanya kazi ya samaki, zingatieni haya:

Kwanza, uendapo hospitali taja kazi yako kabla hujaulizwa. Sema "ninakata samaki" au "ninakausha samaki kwa moshi", usiseme "kibarua" tu.

Pili, weka daftari dogo. Andika siku unazokohoa, siku mikono inapokufa ganzi, na siku za mapumziko. Mpelekee daktari.

Tatu, badilisha glavu zikitoboka, na uvae za pamba kavu ndani yake. Glavu iliyojaa maji ni mbaya kuliko mkono mtupu.

Nne, baada ya kazi nawa kwa sabuni isiyo kali, kausha mikono vizuri na ujipake mafuta ya mgando. Ngozi iliyopasuka ni mlango wazi.

Tano, acha nguo za kazi kazini au zifue mbali na za watoto.

Sita, jeraha lolote liandikwe katika kitabu cha ajali, hata kama ni dogo. Jeraha lisiloandikwa ni vigumu kulidai baadaye.

Saba, usingoje mpaka ushindwe kushika kijiko. Mkono ndio shamba la mfanyakazi, na shamba likichakaa mavuno hayaji.

Kwenu waajiri, neno moja. Mnatumia fedha nyingi kupima samaki ili asirudishwe kutoka ng'ambo. Tengeni kidogo kumpima anayemkata, mara moja anapoajiriwa na tena kila mwaka: pumzi zake, ngozi yake na mikono yake. Fundi mzuri wa kisu hapatikani kwa siku moja, na kumtunza ni rahisi kuliko kumfunza mwingine.

Nawe mnunuzi, utakaporudi sokoni, ukishamaliza kuuliza bei, mtazame mama anayekuuzia. Akikohoa kila mara, au ukiona vidole vyake vimevimba, mwambie kwa upole kwamba hayo yana tiba, na kwamba asisahau kumwambia daktari anauza nini.